Safari ya kusomea tiba ya usemi, na lugha inayomsubiri mhitimu Nairobi

Na MWANDISHI WETU

MTOTO anayefikisha umri wa miaka mitatu bila kuunganisha maneno mawili, mzee aliyepoteza uwezo wa kusema baada ya kupatwa na kiharusi, na mwanafunzi wa sekondari anayekwepa kusoma mbele ya wenzake kwa sababu ya kigugumizi, wote watatu wanahitaji mtaalamu wa aina moja.

Mtaalamu huyo ni tabibu wa usemi na lugha. Jijini Nairobi si rahisi kumpata, na wazazi wengi husikia habari zake kwa mara ya kwanza siku daktari anapowaandikia barua ya kuwatuma kwake.

Kliniki za kibinafsi zinazotoa tiba hii hupatikana zaidi katika mitaa ya magharibi mwa jiji kama vile Kilimani, Lavington na Westlands. Mama anayeishi Kawangware anaweza kufika Lavington kwa miguu, lakini tiba hii si ya siku moja. Huhitaji vipindi vya kila wiki kwa miezi kadhaa, na pengine miaka, na gharama yake huwashinda wengi.

Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu Wakenya zaidi ya 110,000 wenye umri wa miaka mitano na zaidi waliokuwa na ugumu mkubwa wa kuwasiliana. Hesabu hiyo haikujumuisha walio chini ya miaka mitano, ilhali huo ndio umri ambao tiba ya usemi huleta manufaa makubwa zaidi.

Ni kwa sababu hii vijana wengi waliohitimu shahada ya kwanza huuliza jinsi ya kuingia katika taaluma hii kupitia masomo ya uzamili. Makala haya yanaeleza njia hiyo, yaliyomo ndani yake, na pengo moja ambalo mhitimu hulikuta mezani mwake anaporudi Nairobi.

KAZI YENYEWE

Watu wengi hudhani kwamba tabibu wa usemi hufundisha watoto kutamka herufi ya R. Hiyo ni sehemu ndogo tu ya kazi yake.

Mtaalamu huyu hushughulikia mambo matano makuu: matamshi ya sauti za lugha, uwezo wa kuelewa na kujieleza, ufasaha kwa mwenye kigugumizi, sauti yenyewe inayotoka kooni, na uwezo wa kutafuna na kumeza.

Hilo la mwisho huwashangaza wengi. Midomo, ulimi na koo tunavyotumia kuzungumza ndivyo tunavyotumia kula. Mtu aliyepooza upande mmoja baada ya kiharusi anaweza kuvuta chakula au maji kwenye njia ya hewa bila hata kukohoa, na matokeo yake yakawa nimonia inayoweza kumuua.

Kazi ya tabibu wa usemi wodini ni kupima kama mgonjwa anameza salama, kushauri uzito wa uji au chai anayopewa, na kuwafunza jamaa zake jinsi ya kumketisha wakati wa kumlisha. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo naye huhitaji msaada kama huo tangu akiwa mchanga.

Mfano mwingine ni wa mtoto aliyezaliwa na kaakaa lililopasuka. Daktari wa upasuaji huliziba pengo, lakini mtoto huyo huenda tayari amezoea kutoa sauti kwa koo badala ya kwa midomo na ulimi. Kisu hakiwezi kuondoa mazoea. Ni lazima afunzwe upya, sauti moja baada ya nyingine.

Kwa mtoto mwenye usonji, kazi huanza mbali zaidi. Kabla ya neno lolote, mtaalamu hufundisha kutazamana, kusubiri zamu na kuonyesha anachotaka, kwa kidole, kwa picha au kwa ishara. Maneno hujengwa juu ya msingi huo, na asiyeweza kuyatamka hupewa njia nyingine ya kujieleza.

Kwa hivyo mtaalamu huyu si mwalimu, si daktari wa masikio, pua na koo, wala si mtaalamu wa kupima usikivu, ingawa hufanya kazi bega kwa bega na hao wote.

MILANGO MIWILI

Taaluma hii ina milango miwili. Wa kwanza ni shahada ya kwanza ya tiba ya usemi, anayoisomea kijana moja kwa moja baada ya shule ya sekondari. Wa pili ni shahada ya uzamili kwa mtu ambaye tayari amehitimu katika somo jingine.

Nchini Afrika Kusini mlango unaotumika zaidi ni ule wa kwanza. Mafunzo ya fani hii yalianza katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, miaka ya 1930. Siku hizi mwanafunzi husoma miaka minne na kisha hutumikia umma kwa mwaka mmoja katika hospitali anakopelekwa na serikali.

Afrika Mashariki ilichelewa sana. Shahada ya kwanza ya aina hii katika eneo letu ilianzishwa mwaka 2008 katika Chuo Kikuu cha Makerere, na mafunzo yake yakafungamanishwa na hospitali ya Mulago jijini Kampala. Kabla ya hapo, aliyetaka taaluma hii hakuwa na budi kutafuta nafasi mbali na eneo hili.

Nchini Marekani, shahada ya kwanza pekee haitoshi kamwe. Uzamili ndio kiwango cha chini kabisa cha kumruhusu mtu kupata cheti cha ASHA, chama cha taaluma hiyo kilichoanzishwa mwaka 1925.

Uingereza ina milango yote miwili. Mtu mwenye shahada ya isimu, saikolojia, elimu au biolojia anaweza kujiunga na kozi ya uzamili ya miaka miwili, na akiimaliza huwa na haki sawa ya kusajiliwa na yule aliyeanza na shahada ya kwanza ya tiba ya usemi.

Afrika Magharibi nayo imechagua mlango wa uzamili. Mwaka 2016 Chuo Kikuu cha Ghana kilianzisha shahada ya uzamili ya miaka miwili ya tiba ya usemi na lugha jijini Accra. Badala ya kuanza na vijana waliotoka shuleni, chuo hicho kiliwachukua watu waliokwisha kupata shahada na kuwapa ujuzi mpya juu yake.

Ni muhimu kwa Mkenya kuelewa tofauti moja. Kuna shahada za uzamili zinazompa mtu leseni ya kutibu, na kuna zile za utafiti tu, zinazokusudiwa watu ambao tayari ni matabibu. Majina yake hufanana. Anayelipa karo ya aina ya pili akidhani ni ya kwanza hurudi nyumbani na cheti kisichomruhusu kumgusa mgonjwa.

NDANI YA DARASA

Mwanafunzi wa uzamili hubanwa sana, kwa kuwa hufundishwa kwa miaka miwili yale ambayo wenzake husoma kwa mitatu au minne.

Muhula wa kwanza kwa kawaida huwa na anatomia ya kichwa, shingo na kifua, jinsi ubongo unavyoongoza lugha, ukuaji wa mtoto, saikolojia na fonetiki.

Katika fonetiki, mwanafunzi hujifunza kuandika sauti yoyote ya binadamu kwa alfabeti ya kimataifa ya matamshi, ambayo ilibuniwa mwishoni mwa karne ya 19. Lazima aweze kumsikiliza mtoto akitamka neno kombo na kuliandika jinsi lilivyotamkwa, wala si jinsi lilivyopaswa kutamkwa. Wengi hukiri kuwa hilo ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu sikio la mtu mzima lina tabia ya kusahihisha.

Baadaye huja maradhi yenyewe: afasia, yaani kupotea kwa lugha baada ya ubongo kujeruhiwa, kigugumizi, usonji, uziwi, matatizo ya sauti na ya kumeza. Kisha mbinu za utafiti na takwimu, na mwishowe tasnifu.

Lakini uti wa mgongo wa mafunzo haya ni kazi ya vitendo. Nchini Uingereza mwanafunzi anatakiwa kukamilisha vipindi 150 vya mafunzo mbele ya wagonjwa, kila kipindi kikiwa sawa na nusu siku ya kazi. Marekani huhesabu kwa saa: 400 kwa jumla, ambapo 25 ni za kutazama na 375 za kuhudumia wagonjwa yeye mwenyewe chini ya usimamizi.

Hata baada ya kuhitimu, Mmarekani hutakiwa kufanya mtihani wa kitaifa na kufanya kazi chini ya mshauri kwa muda usiopungua wiki 36, zenye jumla ya saa 1,260, kabla ya kupewa cheti kamili.

Usimamizi huo hufuata hatua. Mwanzoni mwanafunzi hukaa pembeni na kutazama. Kisha hupanga kipindi na kukiongoza huku msimamizi akimwangalia. Mwishowe hupewa wagonjwa wake.

Kila lengo lazima lipimike. Haitoshi kuandika kwamba mtoto anaendelea vizuri. Huandikwa, kwa mfano, kwamba ndani ya wiki sita ataweza kutaja picha 8 kati ya 10 bila kusaidiwa.

Hapa ndipo penye ugumu wa kuanzisha mafunzo haya mahali popote. Chuo kinaweza kujenga darasa na kununua vitabu kwa mwaka mmoja. Wasimamizi wa vipindi 150 kwa kila mwanafunzi hawanunuliwi. Ni lazima wawepo tayari hospitalini na shuleni, na palipo na wataalamu wachache hao ndio wanaokosekana.

KURUDI NYUMBANI

Mhitimu aliyesomea ng'ambo anaporejea, hatua ya kwanza ni kuhakikisha cheti chake kinatambuliwa. Kazi ya kutambua na kulinganisha shahada za vyuo vya nje ilipewa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu (CUE) chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012. Afisi za tume hiyo ziko Gigiri, karibu na barabara ya Limuru.

Usajili wa kitaaluma ni jambo jingine. Wataalamu wa fiziotherapia walipata sheria yao mwaka 2014, ambayo iliunda baraza la kuwasajili. Wataalamu wa tiba ya usemi wana chama chao cha kitaaluma, na mzazi ana haki ya kumuuliza yeyote anayejiita tabibu wa usemi alisomea wapi, kwa muda gani, na nani anamtambua.

Lakini pengo kubwa zaidi haliko katika makaratasi. Liko katika lugha.

Mtu aliyefunzwa nje ya Uingereza, na ambaye Kiingereza si lugha yake ya kwanza, akitaka kusajiliwa huko kama tabibu wa usemi hutakiwa kupata alama 8 kwa jumla katika mtihani wa Kiingereza wa IELTS, bila kushuka chini ya 7.5 katika sehemu yoyote. Kiwango hicho ni cha juu kuliko kile wanachotakiwa wataalamu wengine wa afya wanaosajiliwa na baraza hilohilo. Sababu ni wazi: anayetibu lugha lazima aimiliki lugha ya mgonjwa.

Sasa tujiulize swali hilohilo kwa upande wetu. Mhitimu anayerudi Nairobi amejifunza ni katika umri gani mtoto wa Kiingereza hutamka sauti ipi, na sentensi zake huwa na urefu gani. Kesho yake anamkuta mtoto wa Kangemi anayezungumza Kiswahili na Kiluhya nyumbani, Sheng mtaani na Kiingereza darasani. Amwandikie nini?

NENO MOJA, VIPANDE SITA

Chukua neno nitakuletea. Kwa Kiswahili ni neno moja tu. Ndani yake mna mtendaji, wakati ujao, mtendewa, mzizi wa kitenzi, kiambishi cha kutendea na irabu ya mwisho. Hivyo ni vipande sita. Mwingereza huhitaji maneno kadhaa kusema jambo hilo.

Ikiwa mtaalamu atapima ukuaji wa lugha kwa kuhesabu maneno katika sentensi, mtoto aliyesema nitakuletea atapata alama moja na kuonekana amechelewa. Ukweli ni kwamba ametumia sarufi nzito.

Vivyo hivyo kwa matamshi. Vipimo vya Kiingereza huchunguza sana konsonanti za mwisho wa neno. Takriban maneno yote ya Kiswahili huishia kwa irabu, hivyo swali hilo halimfichui mtoto wetu mwenye tatizo. Kinachohitajika ni kujua ni lini mtoto huweza kutamka mbwa, ng'ombe, nyanya na nguo, na kipimo cha Kiingereza hakiulizi hayo.

Kuna pia suala la lugha ya mama. Mtoto wa Kikuyu anayechanganya L na R, au wa Kijaluo anayesema sati badala ya shati, hana ugonjwa wowote. Anatumia sauti za lugha ya kwanza aliyoisikia. Wanaomcheka kwamba anashrabu wanakosa adabu, lakini tabibu anayempa tiba ya miezi sita anakosea zaidi, kwa sababu analipisha pesa kwa kitu kisicho maradhi.

Kosa la kinyume ni baya pia. Mtoto mwenye tatizo la kweli anaweza kuachwa kwa kuambiwa kwamba ni lugha ya mama tu, itaisha. Tofauti kati ya hao wawili huonekana kwa mtu anayeijua lugha hiyo ya mama, au anayejua jinsi ya kumuuliza anayeijua.

Baadhi ya msingi umekwisha kuwekwa. Mwaka 2005 mwanaisimu Kamil Ud Deen alichapisha kitabu kuhusu jinsi watoto wanavyojifunza Kiswahili, akitumia rekodi za watoto wa hapa Nairobi.

Aligundua kwamba watoto wadogo huacha kiambishi cha nafsi au cha wakati, lakini ni nadra mno waache irabu ya mwisho ya kitenzi. Aidha, alionyesha kwamba hata watu wazima wa Nairobi huacha kiambishi cha nafsi mara kwa mara, kama anavyosema mtu takuja badala ya nitakuja. Tabibu asiyejua hilo atahesabu kuwa kosa la mtoto jambo alilolisikia kwa babake.

Huko Kilifi, watafiti wakiongozwa na Katie Alcock wa Chuo Kikuu cha Lancaster walitengeneza orodha za maneno za Kiswahili na Kigiriama za kupima lugha ya watoto wachanga. Wazazi waliulizwa maswali kwa mdomo, kwa kuwa si wote waliojua kusoma. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Mwaka huohuo watafiti wa Chuo Kikuu cha Cape Town walichapisha takwimu za awali za matamshi ya Kiswahili kwa watoto wa chekechea nchini Tanzania.

Kazi hizo ni hazina, lakini bado ni chache, na si rahisi zipewe nafasi kubwa katika mtaala wa chuo cha London au Chicago. Mwanafunzi wa Kenya aliyeko huko ni lazima azitafute mwenyewe.

USHAURI UNAOPOTOSHA

Pengo hili lina madhara nyumbani. Wazazi wengi wa watoto waliochelewa kusema huambiwa waache lugha ya mama na Kiswahili, wazungumze Kiingereza pekee, ili wasimchanganye mtoto.

Utafiti wa miaka mingi hauungi mkono ushauri huo. Kulelewa kwa lugha mbili au zaidi hakumsababishii mtoto ugonjwa wa lugha, na hata watoto wenye usonji wamethibitishwa kuweza kujifunza lugha mbili. Mzazi anayelazimishwa kutumia lugha asiyoimudu huzungumza kidogo, huacha hadithi na nyimbo, na nyanya hubaki kimya kabisa. Mtoto aliyehitaji maneno mengi hupata machache.

Kwa watu wazima hali ni hiyohiyo. Karani mstaafu aliyetumia Kijaluo nyumbani, Kiswahili sokoni na Kiingereza afisini anaweza, baada ya kiharusi, kurudiwa na lugha moja kabla ya nyingine. Akipimwa kwa Kiingereza pekee, huenda akaandikiwa kwamba hana lugha, ilhali anamwelewa mkewe vizuri.

Wengine hudhani mkalimani atamaliza tatizo. Mkalimani husaidia, lakini ana desturi ya kunyoosha. Mtoto akisema maneno yaliyovurugika, mama huyatafsiri yakiwa yamenyooka, na dalili ambayo mtaalamu alikuwa akiitafuta hupotea palepale.

MAMBO YA KUULIZA KABLA YA KULIPA KARO

Anayetaka kuingia katika taaluma hii kwa mlango wa uzamili anashauriwa kujibiwa maswali yafuatayo kwa maandishi kabla ya kulipa chochote.

Kwanza, je, kozi hii humwezesha mhitimu kusajiliwa kutibu katika nchi inakotolewa? Pili, ina vipindi au saa ngapi za vitendo, na ni nani anayemtafutia mwanafunzi nafasi hizo?

Tatu, mafunzo ya kumeza yamo? Mhitimu asiye na ujuzi huo hawezi kufanya kazi katika wodi ya wagonjwa wa kiharusi. Nne, je, mwanafunzi anaweza kufanya tasnifu yake kuhusu Kiswahili au lugha nyingine ya Kenya?

Swali hilo la nne hupuuzwa, nalo lina thamani kubwa. Mwanafunzi anayetumia tasnifu yake kukusanya matamshi ya watoto 30 wa Dagoretti huwa ameanza kuandaa kipimo ambacho yeye na wenzake watakihitaji kwa miaka mingi. Akichagua mada ya watoto wa Manchester kwa kuwa data iko karibu, huwa amewasaidia watu wa Manchester.

Vilevile, kabla ya kuondoka nchini, ni vyema mwombaji ajitolee kwa miezi michache katika shule yenye kitengo cha watoto wenye mahitaji maalumu. Vyuo vingi hutaka ushahidi kwamba mwombaji anaijua kazi hii, na mwombaji naye hupata kujua kama ana subira yake. Mwenye haraka hatadumu: neno moja la mtoto linaweza kuchukua muhula mzima.

NAIROBI INA NINI TAYARI

Licha ya uhaba huu, jiji la Nairobi lina vipande vingi vya mafunzo ya aina hii.

Katikati ya jiji, Chuo Kikuu cha Nairobi kina walimu wa isimu na wa Kiswahili. Umbali mfupi kutoka hapo, kuelekea magharibi, iko Hospitali Kuu ya Kenyatta (KNH), iliyoanza mwaka 1901, pamoja na shule ya udaktari ya chuo hichohicho ambamo madaktari wa masikio, pua na koo hufunzwa. Upande wa Kasarani iko Taasisi ya Elimu Maalumu ya Kenya (KISE), iliyoanzishwa mwaka 1986. Vituo vya kutathmini watoto wenye mahitaji maalumu vilianza kuundwa nchini mwaka 1984.

Vipande hivyo havijazoea kukaa meza moja. Mwanaisimu anajua jinsi vitenzi vya Kiswahili vinavyojengwa lakini hajawahi kuingia wodini. Daktari anaijua koo lakini hakufunzwa viambishi. Mwalimu wa elimu maalumu anamjua mtoto kuliko wote, lakini hana muda wa kumpima mmojammoja.

Njia ya uzamili inafaa hapa kuliko nyingine kwa sababu hiyo. Mtu aliyehitimu isimu au Kiswahili, na ambaye lugha ya mama bado iko hai kinywani mwake, tayari ana nusu ya ujuzi ambao mwanafunzi wa ng'ambo hukosa. Kinachobaki ni kumfunza tiba na kumpa wasimamizi. Ghana imeonyesha kwamba jambo hilo linaweza kuanzishwa barani humu.

Ni kweli kwamba wataalamu wachache waliopo wamelemewa, na kila saa wanayotumia kumsimamia mwanafunzi ni saa ambayo mgonjwa hakuhudumiwa. Hata hivyo, mtaalamu mmoja anayewahudumia watoto 20 kwa wiki atabaki na watoto hao 20 maisha yake yote. Akiwafunza wanafunzi wanne, baada ya miaka miwili watoto 80 zaidi watakuwa na mahali pa kwenda.

Waajiri nao wana sehemu yao. Bila nafasi za kazi katika hospitali za umma na shule za serikali, kila atakayehitimu, awe amesomea Accra, Kampala au London, atafungua kliniki pale wenye uwezo wa kulipa wanapoishi. Hatuwezi kumlaumu kwa hilo, kwani ana deni la karo.

Kwa mzazi wa Kawangware anayesubiri, ushauri ni mmoja. Mtoto ambaye hajatamka neno lenye maana akiwa na miezi 18, au hajaunganisha maneno mawili akiwa na miaka miwili, apimwe masikio kwanza, kisha apelekwe kwenye kituo cha kutathmini au hospitali ya umma bila kungoja hadi aanze shule. Na wakati wa kusubiri miadi, azungumzwe naye kila siku kwa lugha ambayo mzazi wake anaijua zaidi.